Mji Ambao Hatuna Ndugu

Nimechoka. Nasema hivyo mapema ili msomaji anayetafuta hadithi ya mtu mwenye nguvu zake afunue ukurasa wa michezo, asije akanilaumu baadaye.

Mara ya mwisho kwenye safu hii niliwaacha tukitoka kwenye jengo la viza, mimi na mke wangu Yvette, pasi zetu mkononi. Yule dada wa dirishani alikuwa ametuuliza mara tatu ni nani anatukaribisha huko tuendako, na mara tatu tukamjibu: hakuna. Akatutazama kama watu waliopotea jengo. Lakini viza zilitoka.

Kwa wanaoingia leo: mimi ni Marwa, mtu wa Tarime. Naendesha foklifti katika ghala moja huku Mobeni, Durban, na ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi wa kigeni. Shule niliishia darasa la saba. Sheria ya kazi niliisoma mwenyewe, chooni, ukurasa kwa ukurasa, wakati wenzangu wanakula. Nimefukuzwa kazi, nimelala selo, nimelala kwenye hema uwanjani mwaka ule tulipofukuzwa vyumbani kwetu kwa sababu ya kuitwa wageni. Yvette, mtu wa Uvira, Kongo, alikuwa nami kote huko, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Hayo mmeshayasoma. Leo nasimulia jambo dogo kuliko hayo yote, na ndilo lililonishinda.

Tunakwenda kutembea. Siku nne, mji wa zamani wa Ulaya, mimi na mke wangu, bila sababu.

Hapo kwenye "bila sababu" ndipo penye kazi. Watu wetu hupanda ndege kwa msiba, kwa harusi, au kwa kukimbia. Mimi pia nilijua hivyo, mpaka siku Yvette aliporudi kutoka Westville, kwenye saluni anakosuka, akiwa na habari ya mteja wake.

"Madame anaenda Ulaya na bwana yake," akaniambia. "Nikamuuliza, pole, nani amekufa? Akasema hakuna. Nikamuuliza, ni mariage? Akasema hakuna. Wanaenda kutembea mu barabara za zamani, wanakula, wanalala hoteli, wanarudi."

"Wazungu hao."

"Si muzungu. Ni Muzulu. Anafundisha université."

Nikainama kuvua buti za kazi.

"Papa Irene," akasema, "tangu tuoane, ni siku gani tulikuwa wawili?"

Nilianza kuhesabu nikaacha. Nyumba yetu imekuwa ofisi, imekuwa jiko la mgomo, imekuwa kituo cha watu waliotoka mpakani na mfuko mmoja. Binti yetu Irene alijifunza kusoma kwa kusoma mabango. Fungate hatukwenda, wiki ya harusi yetu kulikuwa na kikao.

"Siku nne," akasema. "Wewe na mimi. Hakuna kamati, hakuna mutu wa kulala kwenye kochi. Zamu yangu ya likelemba inafika. Nitalipa."

Likelemba ni mchezo wao wa kina mama, kama upatu wetu. Nikakubali.

Msidhani nilikubali ili nyumba itulie. Naungama: nilifurahi kuliko yeye. Saa ya chakula nilijificha nyuma ya maboksi nikitazama kwenye simu picha za barabara za mawe, mimi ambaye miaka yote nimewaambia vijana kwamba Ulaya ile imejengwa kwa jasho la babu zao. Bado nasema hivyo. Nilitaka tu kuliona hilo jasho likiwa limesimama, na mke wangu pembeni.

Basi tukaanza kuchagua mji.

Ninyi mlioko nyumbani mnadhani shida ni nauli. Shida ni ndugu.

Kwa watu wetu, ukiwa na ndugu katika mji, kulala hoteli ni kumtukana. Utalala kwake. Wewe kwenye kochi, mkeo na watoto kitanda kimoja. Asubuhi utapelekwa kusalimia ndugu wengine, jioni utakalishwa uamue ugomvi usioujua ulikoanzia. Na hukwenda mikono mitupu, kwa sababu huku ulikotoka wamekujazia sanduku vitu vya watu. Mtu wa namna hiyo hajaenda kutembea. Amehamisha kikao.

Kwa hiyo tulihitaji mji wa zamani, mzuri, ambao hatuna ndugu hata mmoja.

Nikasema Brussels. Yvette alicheka mpaka akaweka kitana chini.

Nikasema Paris.

"Unataka tukufe?"

Lisbon?

"Iko beau-frère wa tantine."

"Shemeji wa shangazi yako si ndugu."

"Mwambie yeye."

Nikasema Krakow, kule Poland, mji nilioupata mwenyewe na nikauonea fahari. Yvette akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Iko Nimbona, yule Murundi wa korali yetu. Anasoma pale."

"Nimbona si wa kwenu. Hata nchi si moja."

"Ni mimi marraine wa mutoto wake. Nilimushika kwenye ubatizo."

Krakow ikaondoka. Prague niliiondoa mwenyewe, kwa aibu, maana nina mtoto wa shangazi huko, na akisikia nimepita mjini kwake nikalala hoteli atampigia simu shangazi, na shangazi atampigia mama yangu.

Jumapili moja Yvette alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Na Vilnius?"

"Ndiyo wapi?"

"Lituanie. Iko makanisa ya zamani mingi. Kuko porte moja, juu yake wameweka Bikira Maria, watu wanapita chini wanasali."

Nikautafuta kwenye simu, nikaukuta Lithuania. Ulikuwa mji mzuri. Paa nyekundu, vichochoro, makanisa ya rangi ya mchanga, na lile lango kama alivyosema.

"Tuna ndugu huko?"

Hapo ndipo alipoinua macho. "Wewe unafikiri tuko na ndugu Vilnius?"

"Mimi sijui mtu."

"Basi," akasema, akarudi kwenye maharagwe.

Mkumbuke mazungumzo hayo. Mimi niliyasikia kwa sikio la mtu mwenye furaha.

Tukakubaliana tusimwambie mtu. Irene peke yake ndiye aliyejua, na Irene yuko bwenini chuoni, hana muda wa umbea wa wazee. Wiki zikapita. Nilianza kuamini kwamba hata mimi naweza kuwa na siri isiyokuwa ya mgomo.

Kilichotuponza ni majaketi.

Durban mwezi wa pili hata shati ni mzigo. Sisi tukaingia kwenye maduka ya Wachina mjini kununua majaketi ya theluji. Yvette alinivalisha moja jeusi, akavuta zipu mpaka kidevuni, akarudi nyuma kunitazama. Jasho lilikuwa linanitoka kwenye nyusi. Alikuwa anacheka, na mimi nacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka pamoja mbele ya kioo.

Kwenye kioo hicho hicho nikamwona Léonard, muuza simu wa Bukavu, amesimama na mfuko wa chaja.

"Papa Irene," akasema polepole. "Baridi inakuja?"

"Ni zawadi," nikasema.

"Sharp," akasema, akaenda.

Kabla hatujavuka robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, simu ya Yvette ilianza kulia.

Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, walikuja. Alitangulia Mama Bernadette, mkubwa wa kina mama wa parokia, sufuria kichwani, na nyuma yake wenzake katika kitenge cha sare. Nyuma yao Gosbert, Mhaya wa Bukoba, makamu wangu kwenye kamati, na vijana wa ghala wamevaa mashati ya Jumapili. Wote kimya. Nikajua kuna aliyekufa. Nikamgeukia Yvette nimuulize ni nani.

Waliokufa tulikuwa sisi.

Walikuja kutuaga, na walituaga namna anavyoagwa mtu asiyerudi. Mama Bernadette alisali muda mrefu, amefumba macho. Alimwomba Mungu atufungulie milango huko mbele, atupe makaratasi, atupe kazi, na akishatuweka vizuri asituache tukawasahau waliobaki.

"Mama," nikasema alipomaliza, "tunarudi Jumatatu."

"Amina," mama mmoja akajibu, kwa huruma.

"Tunakwenda siku nne tu."

"Njo vile, Papa Irene. Hata mimi ningesema siku nne."

"Ni kweli. Tunakwenda kutazama mji."

Mama Bernadette alitaka kuelewa, sitamnyima haki yake. Alikaa akaweka mikono magotini. "Huo muji iko na nini?"

"Ni wa zamani. Una lango. Una kuta."

Akafikiri. "Papa, kuta haiko hapa?"

Vijana wakainamia sahani zao. Mama mwingine alikuwa ameshasimama mbele ya jokofu letu, ameufungua mlango, anatazama ndani kama anayemkagua ng'ombe meno. "Frigo munamuachia nani?"

"Hatumwachii mtu," nikasema. "Tunarudi tunywe maji humo."

"Sawa," akasema, akaufunga taratibu, kama mtu aliyeshika zamu.

 Yvette, macho chini, alikuwa anapakua sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, anapita katikati ya watu, anashukuru. Nilidhani amechoka kama mimi.

Gosbert naye hakuuliza habari za jokofu. Alikula kidogo, akaweka sahani chini, akapangusa vidole.

"Mwenyekiti, naomba niulize swali moja mbele ya watu."

"Uliza."

"Mwezi huu tuna kikao na kampuni. Kikao kizito, unajua. Sasa mwenyekiti anakwenda Ulaya kutembea. Mimi sisemi neno. Vijana wanauliza, na mimi nawasaidia kuuliza tu: tiketi imetoka upande gani?"

"Amelipa mke wangu. Waulize kina mama hawa, zamu yake ya likelemba walimpa wao."

Kina mama wakaitika. Gosbert akaitika nao.

"Sawa. Na mnafikia kwa nani?"

"Hatufikii kwa mtu."

"Eish, mwenyekiti." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Mimi na wewe ni watu wazima. Hakuna mtu anatoka hapa kwenda Ulaya bila mwenyeji. Ukisema hakuna mwenyeji, vijana watasema mwenyeji ni kampuni."

Nimeitwa mengi katika mji huu. Nimeitwa mgeni, mwizi wa kazi, mchochezi, na meneja mmoja aliwahi kuniita ugonjwa. Yote nilipokea. Kuitwa mtu aliyenunuliwa, nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu, na ugali wangu bado uko kwenye sahani ya anayenituhumu, hilo sikuweza.

Nikapanda juu ya kigoda. Ni mazoea mabaya. Fleti yetu ina dari fupi, kichwa changu kilikuwa karibu na taa.

"Mimi siuzwi," nikasema. "Aliyeuzwa tunamjua, na alikuwa akikaa hapo hapo ulipokaa wewe, Gosbert, kwenye kochi hilo. Alikula chakula cha nyumba hii. Mgomo wa Clairwood ulipofika siku ya tatu alipanda lori la mwajiri akalitoa getini, mimi nikiwa nimesimama katikati ya geti. Akapiga honi mara moja, kama anayesalimia. Nikaruka. Lori moja likatoka, yakatoka yote, na mgomo ukafa pale pale, na wewe Gosbert ulikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Miaka tisa sijalitaja jina lake na leo silitaji. Huyo ndiye aliyenunuliwa. Mimi nakwenda Vilnius na mke wangu. Tunalala hoteli. Tunatazama makanisa. Jumatatu tunarudi. Iandikwe kwenye muhtasari."

Wote wakaacha kula. Nilidhani hotuba imeingia.

"Vilnius?" akauliza Mama Bernadette.

"Vilnius."

"Ile ya Lituanie? Ile kwenye Elysée anakaa?"

Nikashuka kwenye kigoda.

Niseme wazi kwa msomaji. Elysée ni mdogo wake Yvette, baba mmoja, mama mmoja. Na Elysée ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa lori lile. Baada ya mgomo aliondoka Durban, na mimi nikakataza jina lake nyumbani kwangu. Kumbe kila mtu mle ndani alijua alipo, kina mama walijua, vijana walijua. Mimi peke yangu sikujua, kwa sababu mimi ndiye niliyezuia lisitajwe.

"Anaendesha camion kule," Mama Bernadette akaendelea, amefurahi kweli. "Kampuni ya pale inachukua madereva ya dunia muzima. Ngoja tumupigie, naye afurahi."

"Mama, hapana," nikasema, lakini simu ilikuwa imeshaita.

Uso wa Elysée ukajaa kwenye kioo cha simu. Alikuwa ndani ya lori. Nyuma yake dirishani kulikuwa kweupe. Ndevu zimeingia mvi, na amevaa jaketi jeusi, zipu imevutwa mpaka kidevuni.

"Bonjour, Mama Bernadette."

"Angalia niko kwa nani," akasema, akanigeuzia simu.

Elysée alinitazama. Nilitegemea ashangae, hakushangaa. Aliogopa. Halafu macho yake yakapita begani kwangu, yakamtafuta dada yake, yakampata kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Yaya," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Umemwambia tayari? Ulisema ningoje mpaka mufike."

Nyumba nzima ikamgeukia Yvette.

Sasa naungama. Nilimnyang'anya simu mwanamke wa umri wa mama yangu, aliyekuja na sufuria yake kuniombea, nikamkatia mtu mbele ya wageni, nikaibandika simu mezani kifudifudi. Hakuna aliyenikemea. Mama Bernadette aliitazama mikono yake iliyobaki mitupu.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachonichosha mpaka leo.

Gosbert alisimama. Nikajua anakuja kunimaliza. Akaja akanipa mkono, wa kulia, na wa kushoto ukishika kiwiko, kwa heshima.

"Mwenyekiti, nisamehe. Kumbe mna mwenyeji."

"Gosbert, umesikia ni nani?"

"Nimesikia. Lori lile lilinitoa kazini, nilikaa nje nusu mwaka, mtoto akarudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya ada. Sijasahau. Lakini ni shemeji yako, mkeo anakwenda kwa mdogo wake. Hilo mtu analielewa. Ungesema tangu mwanzo tusingefika huku."

Na vijana wakaanza kupumua, wakaanza kucheka. Wakarudia ugali. Safari yetu ilikuwa imepata maana. Jina langu, nililolilinda kwa meno miaka yote hii, lilisafishwa mchana ule na Elysée.

"Sasa hoteli ya nini tena?" akauliza mama wa jokofu. "Mufute."

Mama Bernadette akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa nailoni mara nyingi. Harufu ilitangulia. Ndagala wakavu, dagaa wa ziwa la kwao.

"Hii ya Elysée," akasema, akampa Yvette, si mimi. "Mama yenu alikuwa anamupikia ile ya pilipili. Umwambie ni mimi."

Waliondoka kwa kelele za watu walioshiba. Nikabaki na Yvette na masufuria.

"Ulinidanganya," nikasema.

"Wapi?"

"Nilikuuliza tuna ndugu huko."

"Na mimi nikakuuliza wewe."

"Yvette, usinifanye mtoto."

"Ngoja." Akaweka mwiko. Hakupandisha sauti. Anapopandisha najua namna ya kujibu, hakupandisha. "Mwaka ule, wewe ulisimama juu ya palette ya mbao, mbele ya watu, na mimi niko pale na Irene. Ukasema kuanzia leo Elysée si ndugu ya nyumba hii. Ukasema nani anaunga mukono. Watu wakainua mikono. Tukarudi, ukaniambia, imepita. Hakuna mutu aliniuliza mimi. Bien. Sikubishana na wewe. Miaka yote nimefuata azimio yako, jina yake sikuitaja kwenye masikio yako. Sasa ukataka muji haiko na ndugu. Nimekupatia."

 Nilichukua sufuria mezani nikairudisha.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Friji ilikuwa inanguruma. Jirani alikuwa anasikiliza mpira upande wa pili wa ukuta.

"Mama alikufa Uvira mwaka jana," akasema. "Unajua nililia wapi? Nililia mu saluni, kichwa ya mutu iko mu mikono yangu, nasuka nalia, nasuka nalia, yule madame ananipa tissue. Wewe ulitoka kikao ukanishika. Nilisema merci, na leo nasema merci. Lakini wewe haukunyonya kwa ule mama. Duniani iko mutu mumoja tu mwenye naweza kulia naye mama. Na wewe ulimupigia kura."

Nilikaa kwenye kochi, mahali pale pale.

"Kwa hiyo ile ya wewe na mimi," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "ile ya barabara za zamani. Ilikuwa danganya toto."

"Hapana." Hapo ndipo alipokaribia kulia. "Hapana, Papa Irene. Siku tatu ni ya sisi wawili. Hoteli haifutwi, hata Mama Bernadette akasirike. Nataka kupita chini ya ile porte na wewe, na ile jaketi yako mubaya. Nilitaka kabisa. Siku moja tu ni ya mama."

"Na mimi siku hiyo nakaa wapi? Nje, kwenye theluji?"

"Unakaa na sisi. Unakaa kimya. Ni matanga, si meeting."

Aliingia chumbani. Nilimsikia anavuta kitu chini ya kitanda. Akarudi na sanduku langu, si lake, akalilaza mezani palipokuwa na simu, akalifungua. Mashati yangu alikuwa ameshayapanga siku nyingi, bila mimi kujua. Juu yake akalaza lile jaketi. Juu ya jaketi akaweka kifurushi cha ndagala.

"Hii itaenda mu sanduku yako," akasema. "Utamupa wewe. Mukono kwa mukono."

"Yvette, mtu yule alinipigia honi."

"Najua."

"Nilikuwa nimesimama pale, ananiona, ananijua, akapiga honi."

"Najua. Umenielezea miaka tisa. Na yeye amenielezea miaka tisa." Akasogea mpaka mlango wa chumbani, akaegemea kizingiti. Nyuma yake niliona sanduku lake, limefungwa tayari, limesimama kwa magurudumu yake. "Ndege ni Alhamisi. Mimi naenda. Hiyo haiko kwenye kura. Nauliza kitu kimoja: unafunga hiyo sanduku, ao naenda na yangu peke yake?"

"Na nikibaki?"

"Ukibaki, utabaki na kamati yako. Iko watu wazuri. Watakuja kulala kwenye kochi. Mimi nikirudi, sitarudi hapa."

Hakulisema kwa hasira. Hasira ni yangu, katika nyumba hii nimeshika mimi hasira zote. Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake mvua imekatika.

Nikalitazama sanduku. Harufu ya samaki ilikuwa imeshaingia kwenye jaketi jipya. Nikafikiria geti la Clairwood, na vumbi, na ile honi moja. Nikafikiria uso kwenye simu, mvi zile, zipu mpaka kidevuni kama yangu.

Nikashika zipu ya sanduku, nikaanza kuivuta.

Mlangoni, Yvette hakusogea.